Kapiteni Aliyejishitaki

Kaptula ya Kapiteni ilikuwa lazima iwe na mstari. Aliniletea kila Ijumaa, imefuliwa na kukauka vizuri, na kabla sijaiweka mezani alikuwa ameshapitisha kidole juu yake kunionyesha mstari uanzie wapi na uishie wapi, kana kwamba mimi ndiyo kwanza naona kaptula. "Mama Cherehani, mustari moja tu. Juma ile ingine uliniwekea mbili, watu wakanicheka." Pasi yangu ni ya makaa, na makaa mabaya yanarusha cheche. Siku moja cheche ikaiangukia kaptula ikaitoboa tundu pale mbele, karibu na mfuko. Niliogopa kumwambia. Yeye aliitazama, akaigeuza, akaivaa nyuma mbele na kucheza mechi nzima hivyo.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa mpira. Nilishona namba kwenye jezi za timu ya Kasongo kwa miaka mingi kwa sababu cherehani yangu ilikuwa karibu na uwanja na sikupata njia ya kukataa. Siku za mechi nilikaa pembeni na sindano na uzi, nikiwashonea wanaochanika. Wachezaji nawajua kwa mabega yao na jasho lao, magoli yao sikumbuki. Huyu namjua kuliko wote, maana karakana yake ya useremala ilitazamana na mlango wangu, na kila asubuhi nilianza kazi nikisikia randa yake. Nimechoka kusikia vijana ambao hawakumwona hata mara moja akicheza wakisema aliuza mechi. Wanamsema kama mtu waliyemfumania. Basi ninamwandika nilivyomjua, na mabaya yake yamo humohumo.

Alikuwa beki na nahodha, na jina la Kapiteni likamganda mpaka kanisani. Kazi yake ilikuwa milango, madirisha, vitanda na majeneza. Jeneza alilimaliza siku ileile uliyomwomba. Mlango, wee, mlango ungeungoja mpaka mvua ziishe na zianze tena. Mlango wa duka langu ulikaa kwake muda mrefu hivi kwamba nilizoea kulala na turubai. Nikimgombeza alinijibu bila haya, "Maiti haiwezi kungoja, Mama. Wewe unaweza." Na alikuwa anajua kuchagua mbao, siwezi kumwonea, mlango ule, ulipokuja hatimaye, unafungika hadi leo.

Lakini mpira hakuwahi kuuita kazi. Kuna wakati timu ya wachimbaji wa Salamabila ilikuwa inatafuta watu wenye miguu, na mfanyabiashara mmoja wa dhahabu akatuma ujumbe kwamba anamtaka. Kapiteni alikwenda, akawachezea Jumapili moja, wakashinda. Baada ya mechi wakamsogezea pikipiki mpya, plastiki bado iko kwenye kiti.

"Ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako, Kapiteni."

"Sasa siku nikikosa mupira, mutaikamata?"

Wakacheka, wakadhani anatania. Alirudi Kasongo amekaa nyuma ya baiskeli ya muuza chumvi, magoti yamejaa vumbi. Mke wake hakumsemesha kwa siku kadhaa, na mimi nilikuwa upande wa mke wake. Nilimvukia barabara nikamwambia waziwazi: watoto wako wanakwenda shule kwa miguu, wewe umekataa pikipiki, una akili gani? Hakukasirika. Alikuwa anapiga msasa mguu wa kitanda. "Mutu akinilipa juu ya kucheza, siku nikikosa nitamuogopa," akasema. "Nikimuogopa, siwezi kucheza tena. Nitakuwa natumika tu." Nilimwambia sisi wengine wote tunatumika, tunafanya kazi za watu, na hatujafa. Akasema ndiyo, na yeye anatumika, tena pale mbele yangu, si ninamwona? Mtu huyo kubishana naye ilikuwa kazi bure.

Viatu vyake alinunua mwenyewe. Soli zikiisha alizibandika mpira wa tairi. Timu ikisafiri, alibeba chakula chake ndani ya sufuria yenye kifuniko, wali na samaki, na akawagawia wale wenzake waliokuwa wanasema anajidai.

Na kujidai alijidai, hilo siwezi kuficha. Alikuwa na maringo ya mtu anayejua kwamba anatazamwa. Hakumsifu mwenzake hata akifunga goli la ajabu. Alisema tu "Eee," na kugeuka kurudi mahali pake. Timu ikishindwa hakula, na nyumba nzima ilitembea kwa vidole mpaka kesho yake. Mke wake alikuwa anakuja kukaa kwangu siku hizo, na ndivyo tulivyokuwa marafiki.

Watu wanaojua mpira wananiambia kwamba kabla yake mchezo wa hapa ulikuwa mtu mmoja na mpira wake. Anaupata, anakimbia nao, anaangushwa, mwingine anauchukua, anakimbia, anaangushwa. Watazamaji walipenda hivyo, maana kila mtu alikuwa na kijana wake wa kumshangilia. Kapiteni ndiye aliyewafundisha kupeana. Kwenye mazoezi, aliyekaa na mpira alipewa kazi ya kuchota maji ya wote. Akasimama kule nyuma na kupiga kelele mpaka mishipa ya shingo inatoka: "Toa! Toa mupira! Mwenzako iko pale, haumuoni?" Mwanzoni walimchukia. Kisha wakaanza kushinda, wakamchukia kidogo. Neno lile lilimwingia mdomoni hata nje ya uwanja. Nikiwa nimeshika mkasi na yeye anautaka, "Toa!" Mke wake akikawia na mwiko juu ya chungu, "Toa!" Siku moja padri alirefusha mahubiri na nusu ya wachezaji waliokuwa kanisani walimgeukia Kapiteni, wakingoja aseme.

Sasa kuna desturi za siku ya mechi, ambazo kila timu ya huku inazijua. Wachezaji wanalala nyumba moja usiku wa kuamkia mechi, wake zao hawawaoni. Asubuhi hawampi mtu yeyote mkono, asije akawaachia kitu kibaya kwenye kiganja. Na uwanjani hawaingii kwa mlango, kwa sababu mlango ndiyo mahali adui anapotegea dawa. Wanatoboa ua upande wa vyoo na kupita hapo, mmoja mmoja, wameinama. Kapiteni alilala na wenzake, hilo hakukataa. Lakini alikwenda uwanjani kwa barabara kubwa, akiwasalimia watu wote kwa mkono, wauza karanga, walevi, hata wachezaji wa upande wa pili, kisha akapita mlangoni kifua mbele. Nilimuuliza kama haogopi. Akasema, "Nikipita ile tundu, kaptula itachafuka."

Aliyeumia zaidi na tabia hii alikuwa kipa wetu. Kipa alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mchuuzi wa chumvi sokoni. Ndiye yule aliyembeba Kapiteni kwa baiskeli kutoka Salamabila. Alikuwa na uzi mweusi kwenye kila kifundo cha mkono na aliamini kila kilichosemwa. Ungewadhania wawili hao hawawezi kukaa pamoja, kumbe hawakuachana. Kipa alikula kwa Kapiteni karibu kila siku. Walicheza dame, yaani drafti, mbele ya karakana kwa vizibo vya chupa, na hapo ndipo nilipomwona Kapiteni mwingine.

Kwenye dame Kapiteni alikuwa mwizi. Sijui neno lingine. Alikuonyesha kuku anayepita, na ukigeuza macho, kizibo chake kimesogea. Alikohoa, na kizibo chako kimepotea. Kipa alilalamika mpaka akataka kulia. Nilimwambia Kapiteni mwenyewe, mbele ya watu, kwamba anaiba. Alitabasamu. "Kwenye dame hakuna refa, Mama. Kila mutu na macho yake."

Na mtu huyohuyo uwanjani alimsumbua refa kwa ukweli. Mpira ukitoka nje na refa akiipa Kasongo, Kapiteni alisema, "Hapana, umetoka kwangu." Akimkanyaga mtu bila refa kuona, alisimama na kuinua kidole. Marefa walimpenda, nao walimwogopa kidogo, maana aliwafanya waonekane vipofu. Wenzake walikuwa wanashika vichwa. Nilimsikia kipa akimwambia siku moja, wakati namshonea kwapa la jezi, "Refa iko na macho. Wacha aone yeye mwenyewe." Kapiteni akajibu, "Akikosa kuona, mimi niliona." Kipa akanigeukia mimi, akaniomba nimwambie rafiki yake aache. Mimi nilikuwa na sindano mdomoni.

Mke wa Kapiteni alikuwa wa kabila la Wabangubangu, kutoka mji wa Kabambare. Hapa lazima nieleze kidogo, kwa sababu mambo yote yaliyoharibika yalianzia hapa. Kwetu mwanaume hamkaribii mama mkwe wake. Akimwona njiani anaacha njia, anaingia kwenye majani mpaka mama apite. Hali chakula mbele yake, hapazi sauti mbele yake. Kapiteni, ambaye hakuogopa dawa za mlangoni, kwenye jambo hili alikuwa mkali kuliko wazee. Mama mkwe akija kumtembelea binti yake, Kapiteni alihamia kwangu na randa yake, akafanyia kazi kwenye baraza langu mpaka mgeni aondoke.

Watu wa Kabambare wakalijua. Siku moja timu yetu ilikwenda kucheza kwao, nami nilikuwemo. Tunafika uwanjani, tunaona yule mama ameketishwa kwenye kigoda kizuri, karibu kabisa na mstari, upande uleule anaocheza Kapiteni. Ana sinia lake la karanga magotini, amefunga kitenge cha sikukuu, anafurahi, anadhani wamempa heshima. Maskini, hakujua kitu. Kapiteni alipomwona alisimama kama aliyesahau alichokifuata. Winga wao alikuwa anapita pembeni mwa kigoda kila mara, na Kapiteni anabaki katikati ya uwanja, ameinamisha kichwa. "Toa" yenyewe aliitoa kwa kunong'ona. Kipindi cha pili timu zikabadilishana upande, na vijana wa Kabambare wakamwinua mama na kigoda chake na sinia lake, wakamhamishia kule. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Tulifungwa, bila shaka. Njiani kurudi Kapiteni alisema neno moja tu, "Wamenifunga na mukwe," na hata yeye akacheka mwishowe.

Wanaume wa Kasongo hawakucheka. Walikaa na jambo lile tumboni.

Kisha ikaja mechi ya kombe, hapa Kasongo, sisi na Kabambare tena. Mama mkwe hakuja, lakini baba mkwe alikuja, na mashemeji zake, wakakaa kwenye benchi la wageni. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na uwanja unateleza. Hapakuwa na goli. Karibu na mwisho Kabambare walipata kona. Mimi nilikuwa mbali, kwenye mstari wa katikati, ninamshonea kijana mmoja kola, kwa hiyo nitasema nilichoona na sitaongeza. Watu waliruka, mpira ukashuka, ukatoka nje. Refa akaonyesha ipigwe kona nyingine. Hakuna aliyelalamika, hata Kabambare wenyewe. Ndipo nikamwona Kapiteni ameinua mkono, anamwendea refa.

Waliokuwa karibu walinipa maneno yao, na wote wanasema hivihivi.

"Refa, umenigusa mukono."

"Nini?"

"Mupira. Umenigusa mukono."

Refa wetu alikuwa mwalimu wa shule, mtu mpole. Wanasema alimtazama kama anayemwomba abadilishe. "Uko na hakika, Kapiteni?"

"Mukono ni wangu."

Ikawa penalti. Kabambare wakafunga, na filimbi ya mwisho haikukawia. Nikasikia hata mbuzi wa nyuma ya vyoo. Kipa akavua glavu, akazitupa kwenye tope, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwangu, "Amemupatia mukwe wake!"

Kabla ya jua kuzama neno lilikuwa "ameuza." Siku ya soko lilikuwa na bei, na kila mtu alikuwa na bei yake: mbuzi, shamba, mahari iliyosamehewa. Hakuna aliyesema aliona kitu kikipokelewa. Walisema tu, si mlimwona kule Kabambare alivyoshindwa kumkaribia mama mkwe? Mtu wa namna hiyo angemshindaje baba mkwe aliyekaa pale anamtazama? Ilionekana hesabu nzuri, na mimi ninajua watu wenye akili walioiamini.

Nilikasirika, na nilimkasirikia yeye kwanza. Nikavuka barabara. "Jitetee," nikamwambia. "Sema kitu."

"Niseme nini? Nilisema kwa refa."

"Na watu?"

"Watu hawana filimbi, Mama."

Hilo ndilo jibu alilonipa, na akaendelea na msumari wake. Sijui kama mtu anaruhusiwa kuwa na kiburi namna hiyo wakati ana mke. Maana mke wake ndiye aliyekuwa sokoni. Wanawake aliokaa nao kwenye mkeka mmoja miaka yote walianza kusema hakuna nafasi. Walimwita Mama Kombe. Alikuja kwangu, akakaa juu ya mtumba wa vitambaa, akaniuliza, "Dada, mimi ndiye nimemuharibia jina?" Nilimwambia hapana. Akasema, "Kama asingenioa, wangesema ni mutu wa kweli." Nikamshika mkono.

Kipa hakuja tena kula. Vizibo vya dame vilikaa kwenye kopo dirishani. Watu waliendelea kuagiza majeneza, kwa sababu hapakuwa na fundi mwingine wa haraka, lakini walituma mtu mwingine kuyachukua. Na Ijumaa moja Kapiteni alinijia akiwa na jezi, hakuwa na kaptula. "Fungua hii namba," akasema. "Utamushonea mwenzangu." Nilimuuliza kama timu ndiyo iliyomwambia. Akasema hakuna aliyemwambia kitu, lakini mtu anajua. Nikakaa kufungua uzi nilioushona mwenyewe, na nililia, nami machozi yangu hayako karibu. Yeye alisimama akingoja mpaka nikamaliza, akashukuru.

Baba mkwe alipofariki, mama mkwe akabaki peke yake Wamaza, kijiji walichohamia kwenye mashamba yao, na miguu yake imeanza kuvimba. Mke wa Kapiteni alikuwa binti wa pekee, na kaka zake walikuwa mbali, basi wakafunga vitu wakaenda kumtunza. Kasongo nzima ikasema: mnaona? Amekwenda kula alichouza. Nilipeleka salamu mara kwa mara kwa watu wa pikipiki, nami nikapata zao. Nilisikia amejenga kibanda chake mwisho wa kiwanja ili asikutane na mama mkwe, na kwamba kila asubuhi anachota maji, anayaweka mlangoni kwa mama, anakohoa, kisha anaondoka kabla mlango haujafunguliwa.

Miaka ikapita. Barabara ya Kabambare ikafungwa kwa fujo, ikafunguliwa, ikafungwa. Mechi kati ya miji hiyo miwili zikaisha. Yule kipa aliacha chumvi, akaingia kwenye biashara ya dhahabu Salamabila, akarudi na nyumba za mabati na tumbo, na leo ndiye prezida wa timu. Mwaka huu njia imetulia kidogo, wakapatana na Kabambare wacheze tena. Mtu mmoja kwenye kamati akasema ingefaa Kapiteni apige mpira wa kwanza. Nilisikia walibishana sana. Prezida ndiye aliyekata maneno. "Tutakwenda," akasema, "tutamusamehe."

Wakaniomba nifuatane nao, kwa kuwa mke wa Kapiteni ni rafiki yangu na mwanamke angelainisha mambo. Nilikubali kwa sababu nilitaka kumwona. Tulikwenda na pikipiki mbili, prezida na dereva wake, mimi na mjumbe mmoja wa kamati, na tulifika Wamaza mchana, mifupa yote inauma.

Amezeeka. Ndevu ni nyeupe, goti la kulia limekuwa kubwa na haliwezi kukunjika, anakaa kwenye benchi refu na kunyoosha mguu pembeni kama mti alioukata. Alikuwa anatengeneza mlango wa mtu, na mtu huyo alikuwa amesimama hapo anamgombeza. "Karibuni, karibuni," akasema. "Mama Cherehani! Hata wewe?" Alimpa prezida mkono kama alivyompa kila mtu, akamwambia amenenepa. Prezida akacheka kicheko kifupi. Mke wa Kapiteni alinikumbatia akanishikilia muda mrefu, akatupikia wali na sombe ya majani ya muhogo, tukala, maana huwezi kusema maneno makubwa kwa mtu kabla hujala kwake. Mama mkwe alikuwa ndani ya nyumba kubwa, anaumwa. Kapiteni aliongea kwa sauti ya chini wakati wote.

Kisha prezida akasimama, akavuta shati.

"Kapiteni, sisi watu wa Kasongo tumekaa, tumesemezana. Mambo ya zamani yamepita. Tumekuja kukuambia kwamba tumekusamehe. Siku ya mechi utapiga mupira wa kwanza, na mimi mwenyewe nitasema mbele ya watu wote kwamba yameisha."

"Asante," Kapiteni akasema. "Munanisamehe nini?"

Mjumbe wa kamati akatazama sahani yake.

"Ile siku," prezida akasema. "Ile mukono."

"Mukono uligusa."

"Tunajua, Kapiteni. Tunasema tumesahau."

"Mimi sijasahau." Aliisema bila ukali, akilisugua goti lake. "Musamaha wa kuuza siwezi kuupokea. Nikiupokea, basi niliuza. Bibi yangu huyu atakuwa bibi ya mutu aliyeuza. Alishateswa juu ya ile, simuongezei. Lakini iko kitu moja naweza kuomba musamaha, na hakuna mutu aliniuliza hata siku moja. Nilichelewa kuruka. Ile kona ilikuwa yangu. Beki yeyote angeitoa na kichwa. Nilichelewa, ikashuka, ikanigusa. Kombe tulilipoteza juu ya miguu yangu. Juu ya ile, ndiyo, munisamehe. Nimeifikiri kila siku."

Miaka yote hiyo sisi tulikuwa tunabishana juu ya mdomo wake, alisema kwa nini, alisema kwa ajili ya nani. Hakuna aliyewaza kwamba yeye alikuwa na aibu, na kwamba aibu yenyewe ilikuwa ya mchezaji.

Prezida alikuwa bado amesimama. Akakaa. Akasema, akitazama chini, "Hakuchelewa."

"Wee, nyamaza," Kapiteni akasema.

"Hakuchelewa. Nilimuita." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo, ya yule mchuuzi wa chumvi. "Kona ilipopigwa nilipiga kelele, 'Yangu!' Kipa akisema yangu, beki anaacha. Akaacha, akanifungulia njia. Mimi miguu ikakataa kutoka. Niliogopa. Alipoona sitoki ndiyo akaruka, na mupira ulikuwa umeshafika." Akapangusa uso kwa kiganja. "Halafu nikavua glavu, nikasema amemupatia mukwe wake. Nilisema mbele, kabla yeye hajanisema."

Mke wa Kapiteni alikuwa anakusanya sahani. Aliziweka chini zote, polepole, akamgeukia mume wake.

"Ulijua?" akasema. "Kule sokoni wananiita Mama Kombe, wewe ulijua?"

Kapiteni alikuwa anamtazama prezida, na ile mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka kama zamani, mpaka nikadhani atasahau mama mkwe yuko ndani.

"Ile ilikuwa ya ndani ya timu," akasema. "Kwa nini unaisema mbele ya watu?"